Tippu Tip, liwali wa Stanley Falls: mji wa Kisangani ulivyopewa mtawala kwa karatasi ya Zanzibar

KISANGANI – Tarehe 24 Februari 1887, ndani ya konsulati ya Uingereza mjini Zanzibar, watu wachache walitia sahihi karatasi moja iliyohusu maporomoko ya maji yaliyokuwa mbali nao kwa miezi mingi ya kutembea kwa miguu. Mwingereza Henry Morton Stanley alikuwa akisema kwa jina la Leopold wa Pili, mfalme wa Ubelgiji. Mbele yake alikaa mfanyabiashara wa pembe za ndovu, Hamed bin Muhammed el Murjebi, ambaye sisi huku Kongo tunamjua kama Tippu Tip. Kwa karatasi hiyo akawa liwali, yaani gavana, wa Stanley Falls. Mshahara wake ulipangwa kuwa pauni 30 kwa mwezi.

Hakuna Mgenya, Mbole, Mlengola, Mkumu wala Mlokele aliyekuwa ndani ya chumba hicho. Jambo hili lina uzito wake leo kwa mkaaji wa Lubunga, komini pekee ya Kisangani iliyo ng'ambo ya kushoto ya mto. Ugomvi wa ardhi kati ya Wambole na Walengola, ulioanza Februari 2023 baada ya kampuni moja ya kilimo kupewa eneo kubwa, umeua watu wengi na kuwafukuza maelfu kutoka nyumba zao. Katika kambi za wakimbizi watu wanaulizana nani alikuwa na haki ya kutoa ardhi, na alitoa kwa karatasi gani. Swali hilo si geni hapa, maana serikali ya kwanza ya maporomoko haya ilianza kwa namna hiyohiyo.

Hamed alizaliwa Zanzibar. Mwaka wenyewe una ubishi, lakini watafiti wengi wanaandika 1837. Upande wa mama alitoka katika ukoo wa Waarabu wa Maskati. Baba yake, Muhammed bin Juma, alikuwa mfanyabiashara aliyeweka makao Tabora, katika nchi ya Wanyamwezi, na huko alimuoa Karunde, binti wa mtemi Fundikira. Kwa hiyo tangu ujana Hamed alijua kwamba biashara ya bara haiendi kwa fedha na bunduki peke yake. Inaenda pia kwa ndoa na undugu na wenye nchi. Somo hilo litamfaa sana Kongo.

Jina la Tippu Tip alipewa na watu wa bara. Wengine wanasema lilitokana na macho yake yaliyokuwa yakipepesapepesa bila kutulia. Yeye mwenyewe alipendelea maelezo mengine: kwamba ni mlio wa bunduki zake. Kila mtu achague. Kwa hakika bunduki hizo zilisikika mwaka 1867 katika nchi ya Watabwa, kusini mwa ziwa Tanganyika, alipomshinda chifu Nsama, mtu aliyeogopwa na wafanyabiashara wote wa pwani. Akachukua ghala kubwa la pembe. Mwaka huohuo alikutana na daktari David Livingstone, msafiri Mskoti aliyekuwa akizunguka upande huo, akampa msaada wa chakula na watu wa kumwongoza.

Nyuma ya misafara yake kulikuwa na mwenye fedha: Taria Topan, tajiri wa Kihindi wa Zanzibar, aliyemkopesha bidhaa kwa ahadi ya kulipwa pembe. Hapa ndipo wengi wanapokosea wanapomtazama Tippu Tip kama sultani aliyejitosheleza. Alikuwa mtu mwenye deni. Kila pembe iliyotoka msituni ilisafiri Kasongo, Ujiji, Tabora hadi pwani, na ilikuwa na mwenyewe aliyeingoja. Mtu wa aina hiyo hapigani vita kwa ajili ya sifa. Anapigana hesabu ikimwambia faida ipo, na anapatana na adui hesabu ikimwambia hivyo.

Alivyopata utawala katika nchi ya Watetela ni kisa kinachosimuliwa hadi leo Maniema. Huko kulikuwa na chifu mzee, Kasongo Rushie, ambaye dada zake walitekwa zamani katika vita na hawakurudi tena. Tippu Tip alisikia habari hiyo njiani. Alipofika, akatangaza kwamba mmoja wa dada hao ni bibi yake, na kwamba yeye ni mjukuu aliyerudi nyumbani. Mzee akamkubali, akampa madaraka na haki ya kupokea pembe za nchi yote. Waandishi wengi wa historia wanaona ilikuwa hila tupu. Mimi pia sioni njia nyingine ya kuieleza. Lakini hila hiyo inaonyesha kitu: aliona kwamba bila kiti cha asili, hata mwenye bunduki elfu anabaki mgeni.

Mwaka 1874 alikutana na Mwingereza Cameron karibu na Nyangwe, soko kubwa la mto Lualaba. Kisha akafanya Kasongo kuwa makao yake. Oktoba 1876 akaja Stanley, akitaka kuufuata mto mpaka mwisho wake. Watu wa Nyangwe walimwonya kuhusu msitu na watu wake. Tippu Tip akakubali kumsindikiza kwa malipo, wakaenda pamoja kwa wiki kadhaa katika msitu mzito, watu wakifa kwa ndui na mishale. Mwisho wa Desemba akamwacha, akarudi nyuma. Stanley akaendelea kwa mitumbwi, na Januari 1877 akapita maporomoko saba yaliyo kati ya Ubundu na hapa kwetu, akipigana na wenyeji karibu kila mahali. Maporomoko ya Boyoma yakaandikwa kwenye ramani za Ulaya kwa jina lake.

Safari hiyo iliwafungulia njia watu wawili. Stanley aliifungulia Ulaya mto kutoka chini, na Tippu Tip akaona kwamba upande wa chini kuna nchi yenye pembe ambazo hakuna mfanyabiashara wa pwani aliyezigusa. Miaka michache baadaye pande hizo mbili zikagongana hapa Kisangani.

Stanley alirudi tarehe 1 Desemba 1883, safari hii akipanda kwa meli ndogo za moshi kutoka magharibi. Akapatana na Wagenya, akaweka kituo kwenye kisiwa cha Wana Rusari, akamwacha hapo fundi mmoja Mskoti, Andrew Binnie. Njiani, kabla ya kufika, alikuta vijiji vilivyochomwa kando ya mto. Kisha akakuta kambi ya watekaji, watu wa Abed bin Salim wa Nyangwe, wakiwa na mateka aliowahesabu kuwa karibu 2,300, wengi wao wanawake na watoto, wamefungwa minyororo. Hawakuwa watu wa Tippu Tip mwenyewe. Lakini biashara ilikuwa ileile, na njia ilikuwa ileile aliyokuwa amesaidia kuifungua.

Mwishoni mwa 1884 Tippu Tip naye akafika Maporomokoni na watu wengi. Sultani Barghash wa Zanzibar alikuwa amemtuma alinde bara kwa jina lake. Wakati huohuo, Berlin, mkutano wa mataifa ya Ulaya ulioanza Novemba 1884 ulikuwa ukizungumza juu ya bonde la Kongo. Ulipofungwa Februari 1885, Leopold alikuwa na nchi kwenye karatasi. Tippu Tip alikuwa na nchi kwa watu na bunduki. Kwa muda bendera mbili zilipepea karibu karibu: nyekundu ya Zanzibar, na ya buluu yenye nyota ya dhahabu ya Leta.

Hali hiyo haikudumu. Agosti 1886, Tippu Tip akiwa amekwenda Zanzibar, mwanamke mtumwa wa Mwarabu mmoja alikimbia mapigo ya bwana wake akaingia kituoni. Mkuu wa kituo, Mwingereza Walter Deane, akakataa kumrudisha. Vita vikazuka. Baada ya siku chache askari waliishiwa risasi, wengi wao wakapanda mitumbwi wakateremka mto. Deane na mwenzake Mbelgiji Dubois wakachoma kituo na kukimbilia msituni. Dubois alizama mtoni. Deane alifichwa na wenyeji mpaka Mbelgiji Coquilhat alipokuja kumchukua kwa meli. Jina la yule mwanamke halikuhifadhiwa katika maandishi yanayojulikana, ingawa ni yeye aliyesababisha serikali ya Leopold ipotee Kisangani kwa karibu miaka miwili.

Brussels walikuwa na njia mbili: kutuma jeshi, ambalo Leopold hakuwa na fedha zake, au kumwajiri mtu ambaye watu wake walikuwa wamewafukuza. Stanley, aliyekuwa akipita Zanzibar kwenda kumtafuta Emin Pasha kusini mwa Sudan, ndiye aliyependekeza ya pili. Hivyo ikafika ile siku ya 24 Februari.

Masharti yalikuwa mazito kwa mfanyabiashara wa aina yake. Liwali atapandisha bendera ya Leta. Atazuia utekaji na uuzaji wa watumwa katika eneo lake. Hatapeleka watu wake kufanya vita upande wa chini wa mto. Atakaa na afisa Mzungu, residenti, ambaye barua za serikali zitapita kwake. Kwa upande wake aliachiwa biashara yake binafsi ya pembe. Sultani Barghash, ambaye Waingereza na Wajerumani walikuwa wakimnyang'anya pwani yenyewe, hakuwa na nguvu ya kumpinga wala kumsaidia.

Kesho yake, 25 Februari, akapanda meli Madura pamoja na Stanley, na watu karibu 100 wa nyumba yake na wafuasi wake. Mtu aliyeizoea njia ya Tabora na Ujiji sasa alizunguka Afrika yote ya kusini kwa bahari, akafika Banana tarehe 18 Machi. Kutoka Matadi walitembea, maana gari la moshi lilikuwa halijajengwa. Kisha meli za mtoni. Juni 1887 akashuka hapa Maporomokoni, liwali mwenye barua ya uteuzi.

Alitawala vipi? Alitawala kama alivyotawala Kasongo. Kila upande alikuwa na mtu wake: ndugu yake Bwana Nzige, mpwa wake Rashid, na wengine waliokaa kwenye vijiji vya mto na kukusanya pembe kama kodi. Machifu waliokubali walibaki kwenye viti vyao. Wasiokubali walibadilishwa au vijiji vyao vilichomwa. Wagenya, ambao hakuna aliyejua maji hayo kuliko wao, walitumiwa kupitisha mitumbwi na mizigo kwenye maporomoko. Mashamba ya mpunga yalilimwa kulisha misafara na wageni. Mchele, unaouzwa leo kila soko la Kisangani, ulienea katika nchi hizi kwa mkono wa watu hao wa pwani na wangwana wao. Kiswahili nacho kilikuja na msafara huo, kikakaa, na sasa kinagawana mji na Kilingala.

Lakini mashamba hayo yalilimwa na nani? Na pembe za Maniema zilibebwa mabegani mwa nani hadi Tabora? Wapo wanaomtetea Tippu Tip kwa kusema kwamba alipenda pembe kuliko watumwa. Ni kweli kwamba pembe ndizo zilizolipa deni la Taria Topan. Ila biashara ya pembe haikuwezekana bila wapagazi, walimaji, na wanawake waliokamatwa vijijini na kurudishwa kwa jamaa zao baada ya pembe kutolewa. Mtu aliyezaliwa katika kijiji kilichochomwa asingeona tofauti hiyo.

Kama liwali, alikuwa katikati ya moto mbili. Waarabu wenzake wa Nyangwe na kwingineko walimwona kama mtu aliyeuza bendera. Leta ilimlaumu kwa kutozuia utekaji, lakini askari na maafisa walioahidiwa hawakufika mpaka katikati ya 1888. Kwa mwaka mzima aliambiwa azuie watu wenye bunduki bila kupewa chochote cha kuwazuia, isipokuwa jina la cheo. Tarehe 1 Agosti 1888 amri ya mfalme iligawa nchi yote katika wilaya 11, na Stanley Falls ikawa mojawapo. Kwenye karatasi utawala ulianza kufanana na utawala. Mwaka uliofuata Leta ikajenga kambi kubwa ya jeshi Basoko, kwenye mdomo wa mto Aruwimi. Kambi hiyo haikujengwa kwa sababu ya wenyeji peke yao. Ililenga kumchunga liwali aliyelipwa na serikali hiyohiyo.

Jambo la Emin Pasha ndilo lililomharibia jina Ulaya. Alikuwa ameahidi wapagazi 600 kwa ajili ya kikosi cha nyuma cha Stanley kilichobaki Yambuya. Walichelewa mwaka mzima. Njaa na magonjwa viliua watu wengi kambini. Juni 1888 hatimaye alitoa watu karibu 400, lakini tarehe 19 Julai mkuu wa kikosi, Meja Barttelot, alipigwa risasi Banalia na mume wa mwanamke mmoja aliyekuwa akipiga ngoma alfajiri. Muuaji alihukumiwa hapa Stanley Falls na kuuawa. Stanley akamtupia Tippu Tip lawama zote, akafungua kesi Zanzibar akidai pauni 10,000. Mashtaka hayo hayakufika mwisho, yakaachwa. Tukiangalia tabia ya Barttelot kwa wapagazi wake, ambayo hata Wazungu wenzake waliiandika vibaya, ni vigumu kumbebesha liwali mzigo wote.

Kesi hiyo ilimpa sababu ya kuondoka. Mwaka 1890 alimwachia Rashid kiti cha Maporomoko, akashika njia ya zamani ya mashariki, Kasongo, Ujiji, Tabora, na kufika Zanzibar mwaka 1891. Hakurudi Kongo tena.

Nadhani aliona kinachokuja. Leta ilikuwa imeanza kudai pembe zote ziteremke mto kwenda magharibi, na kodi juu yake. Biashara ya mashariki ilikuwa inakatwa mzizi. Mwaka 1892 wafanyabiashara wa Kizungu wa msafara wa Hodister waliuawa upande wa Lualaba, na Ngongo Lutete, aliyekuwa chini ya Tippu Tip, akahamia upande wa Leta. Vita vikaanza. Sefu, mtoto wa Tippu Tip aliyekuwa Kasongo, alipambana na jeshi la Dhanis akashindwa. Nyangwe ilianguka Machi 1893, Kasongo Aprili. Mwezi Mei, hapa Maporomokoni, Rashid alimshambulia residenti Tobback kwa siku kadhaa, mpaka Chaltin alipopanda kutoka Basoko na askari wake. Rashid akakimbia kupanda mto, na mwaka uliofuata akajisalimisha. Sefu alikuwa amekufa tangu Oktoba 1893. Kwa kila upande waliokufa wengi walikuwa Wakongo: Watetela, Wasongola, Wakusu, wapagazi na askari wa kukodishwa.

Kwa wakaaji wa mto, bwana mmoja aliondoka na mwingine akaingia. Walioletewa habari njema ya kukomeshwa kwa utumwa walianza kudaiwa mpira, chakula na kazi ya lazima. Kituo kilihamia na kupanuka, na kuanzia 1898 kikaitwa Stanleyville.

Tippu Tip aliishi miaka yake ya mwisho Zanzibar kama tajiri mwenye heshima. Waandishi wanataja mashamba 7 ya karafuu na watumwa karibu 10,000, mpaka sheria ya 1897 ilipoondoa utumwa visiwani. Alikuwa na nyumba kubwa katika Mji Mkongwe, ambayo wageni wanaonyeshwa hadi leo. Aligombana mahakamani na mshirika wake wa zamani Rumaliza juu ya mali za Tabora. Alikufa Juni 1905 kwa malaria.

Kabla ya hapo alifanya kitu ambacho watawala wengi wa zamani wa nchi yetu hawakukifanya. Kwa kushawishiwa na Mjerumani Heinrich Brode, aliandika maisha yake kwa Kiswahili, kwa herufi za Kiarabu. Brode aliyageuza katika herufi za Kilatini yakachapishwa Berlin mwaka 1902 na 1903. Ni kati ya maandishi ya kwanza ya Mswahili kujisimulia mwenyewe kwa nathari. Padri François Bontinck aliyatafsiri kwa Kifaransa mwaka 1974, kwa hiyo mwanafunzi wa Kisangani anaweza kuyasoma. Humo pembe zimehesabiwa kwa frasila, madeni yametajwa, na Wazungu waliovunja ahadi wameelezwa bila kumung'unya maneno. Wapagazi na mateka wanapita humo kama idadi tu.

Mwaka mmoja baada ya kifo chake, tarehe 1 Septemba 1906, njia ya gari la moshi ya kilomita 125 kutoka ng'ambo ya kushoto hadi Ponthierville, Ubundu ya leo, ilifunguliwa. Ilizunguka maporomoko yote saba. Stesheni yake ya mwanzo iko Lubunga. Kazi ya kupitisha mizigo, ambayo Wagenya na wapagazi wa Tippu Tip waliifanya kwa mikono na mabega, ikahamia kwenye reli, na ng'ambo hiyo ikaanza kujaa wafanyakazi walioletwa kutoka kila upande. Mpaka leo hakuna daraja la kuvuka mto huo hapa Kisangani. Watu wa Lubunga wanavuka kwa mitumbwi na kivuko kwenda kutafuta ofisi za serikali upande wa pili.